Mwandishi Akiwa Mtu Mbaya, Riwaya Yake Tuifanyeje?

Riwaya tatu za upelelezi za Anne Perry nilikuwa nimeshazisoma na kuzipenda kabla sijajua kwamba aliwahi kuua. Zilikuwa za kawaida katika fani hiyo: London ya karne ya 19, ukungu, magari ya farasi, mkaguzi wa polisi aliyeoa binti wa watu wenye nafasi, na nyuma ya mapazia mazito ya kila nyumba siri ambayo familia nzima inashirikiana kuificha. Mwandishi nilimchora kichwani kama bibi mmoja mstaarabu, anayejua chai inavyomiminwa na maiti inavyogunduliwa.

Kisha nikasoma habari za Christchurch, New Zealand. Tarehe 22 Juni 1954 wasichana wawili, Pauline Parker wa miaka 16 na Juliet Hulme wa miaka 15, walitoka matembezini Victoria Park pamoja na mama yake Pauline, Honorah Parker. Walikunywa chai. Wakashuka naye njia ya miguu inayopita kwenye miti. Jiwe dogo la rangi ya waridi likaangushwa njiani makusudi, na mama alipoinama kulitazama, wakampiga kichwani kwa kipande cha tofali kilichotiwa ndani ya soksi ndefu. Walimpiga mara nyingi. Majeraha yaliyohesabiwa yalikuwa kama 45. Kosa lake lilikuwa kwamba wasichana wale walikuwa wanakaribia kutenganishwa, na wao walimwona yeye ndiye kizuizi. Kwa kuwa umri wao haukuruhusu kunyongwa, walifungwa kama miaka 5 kisha wakaachiwa. Juliet akachukua jina jingine, Anne Perry, na mwaka 1979 akatoa riwaya yake ya kwanza. Wasomaji wake hawakujua lolote hadi 1994, filamu ya kesi ile ilipotengenezwa na waandishi wa habari wakaunganisha nyuzi.

Nilitegemea kuchukia. Nilidhani nikifungua riwaya ya nne nitaishia ukurasa wa kumi, niigawe kwa mtu asiyejua. Haikuwa hivyo. Niliisoma kwa makini kuliko nilivyosoma zile tatu. Kila mhusika aliyezika jambo la ujanani nilimtazama mara mbili. Kila mtu alipoulizwa alikuwa wapi usiku ule, nilihisi anayeuliza na anayejibu wanatoka kifua kimoja. Raha ilikuwepo, ila imegeuka ladha, na sehemu yake, wacha nikiri, ilikuwa raha ya kuchungulia. Tukizungumza juu ya waandishi wenye sifa mbaya tunapenda kujikalisha kiti cha hakimu, kumbe mara nyingi tumesimama dirishani na pua zetu zimegusa kioo.

Kuna majibu mawili ambayo hutolewa haraka haraka swali hili likizuka. La kwanza: kazi ni kazi, mtu ni mtu. Mwaka 1967 mhakiki Mfaransa Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi, akimaanisha kwamba maandishi yakishatoka ni ya msomaji, na maisha ya aliyeyaandika si ufunguo wake. Hoja nzuri kwa ushairi, pengine. Lakini kutangaza kifo cha mwandishi mbele ya wapenzi wa riwaya za mauaji ni kujitafutia balaa, maana watauliza nani kamuua. Hawa ni wasomaji waliofundishwa, kitabu baada ya kitabu, kwamba jivu la sigara lina maana, tope la kiatuni lina maana, na mtu anayesema "mimi sihusiki" ndiye wa kwanza kuchunguzwa. Huwezi kumfundisha mtu kazi hiyo miaka ishirini, halafu umwambie asiangalie alama za vidole zilizo juu ya jalada.

Jibu la pili ni la wanaosema: nikishajua, sigusi. Hilo ninaliheshimu zaidi, kwa sababu starehe haina sheria. Hakuna anayeweza kuamrishwa kufurahi. Ila likigeuka kanuni ya kumfunga kila mtu, linagonga mwamba mapema sana, na mwamba wenyewe ni Chester Himes.

Himes alihukumiwa mwaka 1928 huko Ohio, Marekani, kwa wizi wa kutumia silaha. Alikaa gerezani hadi 1936, na hadithi zake za mwanzo alizitoa akiwa humo humo. Baadaye alihamia Ufaransa, akaandika riwaya za wapelelezi wawili weusi wa Harlem, mtaa wa New York, na mwaka 1958 Wafaransa wakampa tuzo yao kubwa ya fasihi ya upelelezi. Sijakutana na msomaji anayesema kifungo cha Himes kinamharibia utamu. Kinyume chake, tunakitaja kama cheti: huyu anajua anachosema. Kwa hiyo uhalifu wenyewe si tatizo letu. Tunamsamehe jambazi hata kabla hajaomba, mradi alichoiba ni vito na mradi gereza lilimfundisha kuona. Kinachotusumbua ni kitu kingine, na inafaa tukitafute kwa jina lake.

Tuanze kwa kuwatoa wabaya wa jukwaani, kwa sababu hao hupewa umuhimu wasiostahili. James Ellroy wa Los Angeles amejiita kwa miaka mingi mbwa wa kishetani wa riwaya za uhalifu za Marekani. Akipanda jukwaani kusoma, huwasalimu waliokuja kumsikiliza kwa mlolongo wa matusi: wachungulia madirisha, wazururaji wa usiku, makuwadi. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1996 ameeleza mwenyewe jinsi ujanani alivyovunja nyumba za watu, akaiba nguo za ndani za wanawake, akalewa hadi akalala mahabusu. Mtu akikutana na haya kabla ya vitabu, anaweza kuamua hapana, mambo ya huyu siyawezi.

Lakini soma vizuri faili lake. Mama yake aliuawa, maiti ikaokotwa tarehe 22 Juni 1958, miaka 4 kamili kwa siku baada ya tofali la Christchurch. (Sadfa kama hiyo ukiiweka kwenye riwaya, mhariri anaikata.) Mtoto alikuwa na miaka 10. Muuaji hakupatikana, hata pale Ellroy mwenyewe, akiwa mtu mzima, alipomchukua mpelelezi mstaafu wakaifungua kesi upya. Riwaya yake ya 1987 kuhusu mauaji maarufu ya mwanamke mwingine ameitabaruku kwa mama yake, na katika tabaruku hiyo amehesabu miaka: ishirini na tisa. Ukishaiona hesabu ile, kubweka kote kwa jukwaani kunasikika kama mtoto anayepiga kelele gizani ili asisikie nyayo. Ellroy bado hunichosha wakati mwingine, sikatai. Kinachonichosha ni makelele yanapohama jukwaani yakaingia ndani ya sentensi, na hilo ni kosa la uandishi ambalo ningelilalamikia hata kama angekuwa padri.

Georges Simenon naye alikuwa na mdomo. Mwaka 1977 alimwambia mtengeneza filamu Federico Fellini kwamba amelala na wanawake 10,000. Mke wake wa pili alikuja kuishusha hesabu hiyo hadi kama 1,200, na hata hesabu ya mke si ya kuandikia barua nyumbani. Mtu huyo huyo ndiye aliyemuumba Maigret, mkaguzi mnene mwenye kiko, ambaye katika riwaya 75 anarudi kwa mkewe yule yule na haonekani kuwa na hamu ya kwenda kwingine. Ukitaka kumtafuta Simenon ndani ya Maigret kupitia tabia za chumbani, utarudi mikono mitupu. Ukimtafuta kupitia subira ya kumsikiliza mtu mwongo mpaka achoke kusema uongo, utampata kila ukurasa. Watu wana vyumba vingi, na riwaya haiandikiwi katika kile wanachojisifia.

Wahenga walishasema simba mwenda kimya ndiye mla nyama, na katika fani hii methali hiyo imepata ushahidi wa kutisha. Jack Unterweger wa Austria alifungwa maisha mwaka 1976 kwa kumuua msichana. Gerezani akaandika, na kitabu chake cha kusimulia maisha yake kilisifiwa sana. Wasomi, waandishi na watu wenye majina walimpigia kampeni aachiwe: mtu anayeandika hivi amebadilika. Akaachiwa mwaka 1990. Akawa mwandishi wa habari, anavaa suti nyeupe, anaalikwa kwenye televisheni, na mwaka 1991 alikwenda Los Angeles kuandika juu ya makahaba huku akizungushwa mitaani na polisi ndani ya gari lao. Mwaka 1994 mahakama ya Graz ilimtia hatiani kwa mauaji 9 yaliyofanyika baada ya kutoka gerezani. Akajinyonga kabla ya usiku ule kuisha.

Kisa hiki hutajwa mara chache katika mjadala wetu, na nadhani ni kwa sababu kinatuumbua. Sisi hujiuliza kama ubaya wa mtu unaweza kuichafua kazi, lakini wale walifanya kosa lililo kinyume: walichukua uzuri wa kazi wakamvisha mtu. Kosa ni moja. Sentensi ikikaa vizuri tunasikia dhamiri, wakati tulichokisikia ni sikio zuri tu. Mimi nilipomchora Perry kama bibi wa chai nilifanya jambo lile lile, ila kwa gharama ndogo.

Sasa nije kwa yule ambaye, kwa haki zote, ningepaswa kushindwa kumsoma. Patricia Highsmith, mzaliwa wa Texas aliyefia Uswisi mwaka 1995, alikuwa mtu mgumu kupendwa. Alifuga konokono kwa mamia, na aliwahi kwenda nao karamuni ndani ya mkoba pamoja na saladi yao. Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni chuki yake kwa Wayahudi na kwa weusi, ambayo hakuificha kwa waliomjua, na ambayo ilizidi kadiri umri ulivyosonga. Aliacha shajara na madaftari ya kurasa 8,000 hivi, na sehemu iliyochapishwa mwaka 2021 haimpambi.

Hata hivyo namsoma, na sijisikii kuibiwa. Nimejiuliza sana kwa nini. Chukua riwaya yake ya 1955. Tom Ripley yuko ndani ya boti ndogo pwani ya Italia na kijana tajiri anayemhusudu. Anachukua kasia. Kuanzia hapo Highsmith anafanya jambo ambalo waandishi wengi wenye maadili hawaliwezi: anakufanya uombe Ripley asikamatwe. Unashikwa na jasho kwa niaba ya muuaji. Ukifunga kitabu unajitazama vibaya kidogo, na ndivyo alivyotaka. Hakuwahi kukuahidi kwamba yeye ni mtu mwema, wala kwamba mizani itakaa sawa mwishoni. Baridi iliyomo moyoni mwake ndiyo baridi iliyomo kitabuni. Bidhaa ni ile iliyoandikwa kwenye lebo. Ubaya wake ulipomwingilia ukurasa bila yeye kuutawala, kama katika baadhi ya maandishi ya miaka ya mwisho, kazi yenyewe ilidhoofika, na huhitaji shajara kukuonyesha.

Mweke pembeni yake Agatha Christie. Hapa tuna mtu wa heshima, mpole, asiye na kashfa zaidi ya kupotea kwake kwa siku 11 mwaka 1926, jambo lililomwongezea mvuto tu. Lakini riwaya yake ya 1939 kuhusu watu kumi kisiwani ilitoka Uingereza ikiwa na tusi la kibaguzi juu ya jalada. Marekani walilibadilisha mapema 1940. Ufaransa jina la zamani lilidumu hadi 2020. Na ndani ya riwaya zake za mwanzo, Myahudi akiingia chumbani, sentensi inayomtambulisha mara nyingi inamtangulizia pua, ile ya dhihaka wanayochorwa Wayahudi. Wasifu safi, ukurasa una doa. Kwa Perry ni kinyume: wasifu una damu, na ukurasa, nitakavyoeleza, si mchafu. Nikipewa kuchagua ni kipi kinachonipotezea raha nikiwa katikati ya sura ya saba, sisiti: ni sentensi ile ya pua. Tofali la 1954 nalijua kichwani. Sentensi ya pua iko mbele ya macho yangu, na nimeilipia.

Hapo ndipo ninapofika. Riwaya ya upelelezi ina deni moja kwa msomaji, hata ile ya giza ambayo muuaji anaponyoka: huyu aliyelala sakafuni atahesabiwa. Kuna atakayeuliza alikuwa nani, alikuwa anasubiri nini wiki ile, nani atakayekaa na kiti kitupu mezani. Kinachoharibu utamu ni kuhisi kwamba anayesimulia hamwoni aliyekufa kuwa mtu. Mara ngapi tumefungua riwaya, ukurasa wa kwanza mwanamke amekufa, na tunapewa nywele zake, mapaja yake na rangi ya kucha zake aya mbili kamili kabla hajapewa jina? Huhitaji kumgugo mwandishi. Kama baadaye gazeti litasema alikuwa akiwatendea vibaya wanawake, utatikisa kichwa tu, kwa sababu maiti ilishakwambia. Habari za maisha hufanya kazi pale tu zinapogusa mahali kitabu kinapokuomba umwamini mwandishi. Zikigusa pengine, ni umbea, na umbea nao una utamu wake, sisemi hapana.

Kwa kipimo hicho nilirudi kwa Perry, safari hii kwenye riwaya aliyoitoa mwaka 1990, miaka 4 kabla hajafichuliwa. Mpelelezi, William Monk, anazinduka hospitalini London akiwa amesahau kila kitu, hata sura yake kwenye kioo. Anarudi kazini kwa kuficha ugonjwa wake, anapewa kesi ya mauaji ya kikatili, na kadiri anavyofuata nyayo ndivyo anavyoanza kuogopa kwamba nyayo ni zake. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni ufundi mzuri wa fumbo. Mara ya pili ilinibidi niiweke chini nitembee kidogo. Mwanamke aliyejificha nyuma ya jina jingine alikaa mezani akaandika kuhusu mtu anayejichunguza kwa jina lake mwenyewe, akiogopa atakachokikuta. Na yule aliyeuawa katika riwaya hiyo hakugeuzwa pambo. Kifo chake kina uzito, kinawaelemea waliobaki. Siwezi kusema kwamba kujua kumenipunguzia raha. Kumeifanya iwe nzito, na kuna siku sitaki kubeba kitu kizito.

Ila sitaki nimsafishe kwa urahisi. Perry aliendelea kuchapisha hadi alipofariki mwaka 2023, makumi kwa makumi ya vitabu, na kila mmoja wetu aliyeandika juu yake, nami nikiwemo, amemtumia Honorah Parker kama kidokezo cha kumwelewa Juliet. Mwanamke aliyeinama njiani hakupata riwaya.

Kuna kitabu kimoja ambacho nimeamua sitakisoma. Krystian Bala wa Poland alitoa riwaya mwaka 2003, iliyojaa ukatili na majigambo. Miaka mitatu kabla, mwili wa mfanyabiashara ulikuwa umeopolewa kutoka mto Oder, umefungwa mikono kwa kamba iliyozungushwa shingoni. Polisi walimfikia Bala kupitia simu ya marehemu iliyouzwa kwenye mnada wa intaneti, kisha wakakaa wakaisoma riwaya kama jalada la kesi. Mwaka 2007 alihukumiwa miaka 25. Wapo wanaokitafuta kitabu hicho kwa udadisi, na nawaelewa. Mimi mwenyewe nimekiri kuwa dirishani. Lakini pale deni limegeuzwa kichwa chini. Badala ya mwandishi kuwa na deni kwa maiti, maiti imefanywa mtaji wa mwandishi, na kila msomaji anayetafuta mistari inayolingana na kesi anamlipa kile alichokitaka, yaani kutazamwa.

Suala la pesa, yaani kumtajirisha mwandishi mbaya kwa kumnunua, lina uzito kwa waandishi walio hai, na ni jepesi kulitatua: usiponunua, hakupata. Kwa marehemu hata hilo halipo. Silidharau, ila halihusiani na kile kinachonitokea nikiwa nimeshika kitabu saa nne za usiku.

Na kinachonitokea, nimegundua, hakikai kwenye kitabu kimoja. Wiki iliyopita nilikuwa nasoma riwaya mpya ya mwandishi mwingine kabisa, kijana, asiye na doa ninalolijua, hadithi nyepesi ya kupoozea kichwa. Katika sura ya tano watu wawili wanatembea na mama mmoja bustanini. Mmoja anaangusha ufunguo. Mama anasema, "Acha, nitauokota mimi," na anaanza kuinama. Hakuna kinachotokea, anaokota ufunguo, wanaendelea na maongezi, na mwandishi hakuwa na nia yoyote mbaya. Mimi nilikuwa nimeshika pumzi.